Kiharusi pamoja na donge la damu kwenye mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi idara ya dharura. Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili: ndugu wanaosimama kwenye korido wakishangaa kwa nini mgonjwa wao aliyepooza mkono anapimwa kifua, na madaktari na wauguzi vijana wanaopiga simu usiku kutoka hospitali za wilaya. Nimeyajibu pamoja kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi taarifa anayoitafuta daktari anayo ndugu aliyekaa kwenye benchi nje. Donge la damu kwenye mapafu wodini tunaliita PE, nami nitatumia majina yote mawili.

Mgonjwa wetu kapata kiharusi. Mbona daktari anamkagua miguu na kifua?

Kwa sababu magonjwa haya mawili huandamana, na moja humfunika mwenzake. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ndiyo ya kawaida: kiharusi kinatangulia, mgonjwa analala, mguu mmoja haufanyi kazi, damu inatuama kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za mguu ule na kuganda, kisha donge linang'oka na kupanda hadi mapafuni. Ya pili: donge la mguuni ndilo linalotangulia. Sehemu yake inaziba mapafu, na kipande kingine kinapenya kwenye kitundu cha moyo na kwenda ubongoni, hivyo mtu anapata yote mawili ndani ya saa chache. Ya tatu ni pale ambapo hakuna kiharusi kabisa. Donge kubwa limeziba mapafu, presha imeanguka, ubongo umekosa damu kwa dakika kadhaa, mtu kadondoka, kachanganyikiwa, pengine katetemeka viungo, na kila aliyemwona akasema ni kiharusi.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi, maana mgonjwa anapelekwa kupigwa picha ya kichwa, picha inarudi safi, na watu wanapumua kwa nafuu wakati yeye mwenyewe hapumui vizuri.

Lakini damu ya miguuni hupita kwanza kwenye mapafu. Donge linafikaje ubongoni?

Swali zuri, na kweli mapafu ni chujio. Damu ya vena hurudi upande wa kulia wa moyo, inasukumwa mapafuni, ndipo inakwenda upande wa kushoto na kutoka kwa ateri kwenda mwilini. Donge la mguuni lilitakiwa likwame kwenye mapafu.

Ila kila mtoto akiwa tumboni ana mlango mdogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, kwa kuwa mapafu yake hayajaanza kazi. Akizaliwa, mlango ule hujifunga, na kwa watu wengi hushikana kabisa. Kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 haushikani. Unabaki kama kipande cha ngozi kilichoegeshwa. Wengi wao huishi mpaka uzeeni bila kujua wala kudhurika, kwa sababu presha ya upande wa kushoto inauweka umefungwa.

Sasa mpe mtu huyo PE. Mapafu yameziba, damu haina pa kwenda, presha ya upande wa kulia inapanda, na ule mlango unasukumwa ukafunguka. Donge la pili likija, linapita. Ndiyo maana nasema PE yenyewe hufungulia kiharusi njia. Daktari Mjerumani Julius Cohnheim alieleza jambo hili mwaka 1877 baada ya kupasua maiti ya mwanamke ambaye bado alikuwa kijana, yaani wataalamu wanalijua kwa karibu karne moja na nusu, na bado linatuponyoka wodini.

Ni dalili zipi zinazokufanya ushuku PE kwa mtu aliyeletwa na kiharusi?

Acha nieleze mgonjwa mmoja, kwa sababu tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyopokea wagonjwa.

Aliletwa dada mmoja, wiki tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga begani. Sote tulikimbilia kichwa: saa ngapi imeanza, sukari ngapi, chumba cha CT, ile picha ya kompyuta, kina nafasi? Mashine ya kidole ilikuwa inasoma oksijeni 86, nami nikasema, kwa sauti, kwamba mikono yake ni ya baridi tu. Muuguzi wa zamu hakuridhika. Akaihamishia kwenye ndewe ya sikio: 87. Mapigo ya moyo 128. Nikasikiliza mapafu, hewa inaingia safi pande zote mbili, hakuna mkoromo wala mlio. Kisha muuguzi yule akafunua khanga aliyofunikwa miguuni. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa, limekaza, ngozi inang'aa. Mama mtu akasema, "Huo mguu unamuuma tangu Jumapili, tulidhani ni uchovu wa uzazi."

Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja. Picha ya kifua ilionyesha madonge kwenye mapafu yote mawili. Eko, yaani altrasaundi ya moyo, ilionyesha ule mlango ukiwa wazi.

Kwa hiyo jibu langu: shuku PE pale mwili unapoonyesha kitu ambacho kiharusi peke yake hakikielezi. Oksijeni iko chini lakini kifua ni safi. Moyo unakwenda mbio na mgonjwa hana homa wala hajapoteza damu. Presha iko chini. Kiharusi kwa kawaida huja na presha ya juu, kwa hiyo 90 kwa 60 kwa mtu aliyepooza inatakiwa ikushtue. Mguu mmoja ni mnene kuliko mwenzake. Mishipa ya shingo imesimama. Na umri: kijana asiye na presha, asiye na kisukari, asiyevuta sigara, anapooza ghafla, muulize alichofanya mwezi uliopita.

Huyo dada aliishi. Anachechemea kidogo, na maneno yalirudi taratibu. Khanga huwa nafunua mwenyewe siku hizi.

Mashine ya kidole inadanganya?

Inaweza. Mikono ya baridi, presha ya chini, rangi nzito ya kucha, na hina nyeusi iliyochanganywa na piko kwenye ncha za vidole huvuruga usomaji. Hamishia sikioni au kidole kisicho na rangi. Ila usifanye nilivyofanya mimi, kuitupa namba kwa sababu haikupendezi.

Mgonjwa hawezi kusema. Nitajuaje kama kifua kinamuuma?

Hesabu pumzi zake dakika nzima, usikadirie; mtu mzima aliyetulia huvuta mara 12 mpaka 20. Angalia kama anakunja uso akivuta pumzi, kama anashika ubavu kwa mkono wake mzima. Kisha nenda nje ukaongee na ndugu. Waulize: amekuwa akikohoa, hasa makohozi yenye damu? Alishindwa kupanda ngazi wiki hii? Amesafiri kwa basi siku nzima? Amefanyiwa upasuaji, amevunjika, ana saratani, ana selimundu, anatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Aliwahi kuwa na mguu uliovimba ukapona wenyewe? Ndugu hawatakuambia haya bila kuulizwa, kwa kuwa kwao hayana uhusiano na mdomo uliopinda.

Tuanze na kipimo kipi: kichwa au kifua?

Anza na pumzi na sukari. Sukari ikishuka mtu anaweza kupooza upande mmoja kabisa, na tone la damu la kidoleni linatosha kukuokoa na safari nzima ya CT. Oksijeni ikiwa chini ya 94 mpe oksijeni.

Kisha kichwa, CT isiyo na kontrasti (dawa inayochomwa mshipani ili mishipa ionekane kwenye picha), kwa sababu uamuzi wote unaofuata unategemea kama kuna damu iliyovuja ubongoni. Hapo usichelewe. Dawa ya kuyeyusha donge la kiharusi ina dirisha la saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mgonjwa anayepumua vizuri asicheleweshewe dawa hiyo eti mnatafuta PE.

Lakini kama shaka ya PE ipo, mwambie mtaalamu wa picha kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Hospitali zinazopiga CT ya mishipa ya shingo na kichwa huanzia kwenye upinde wa aota, ateri kuu inayotoka moyoni, kwa hiyo sehemu ya juu ya mapafu inaingia kwenye picha. Mara nyingine donge linaonekana palepale, ila asiyetafuta halioni. Kipimo kamili ni CT ya mishipa ya mapafu. Hicho hupigwa wakati kontrasti iko kwenye ateri za mapafu, sekunde kadhaa kabla haijafika shingoni, ndiyo maana picha ya shingo ikiwa safi haimaanishi mapafu ni safi. Mtaalamu akijua mapema anaweza kupanga vyote viwili katika safari moja.

D-dimer imerudi juu. Si tayari tumethibitisha?

Hapana, na hapa ndipo simu nyingi za usiku hukwama. D-dimer ni mabaki yanayotokea mwili unapovunjavunja damu iliyoganda. Kiharusi chenyewe huipandisha. Maambukizi huipandisha, upasuaji, saratani, ujauzito na uzee pia. Kwa mgonjwa wa kiharusi, D-dimer ya juu haikuambii donge liko wapi, wala kama lipo.

Faida yake iko upande wa pili: ikiwa shaka yako ilikuwa ndogo tangu mwanzo na D-dimer ikarudi chini, unaweza kuacha kutafuta. Kwa wenye zaidi ya miaka 50, kikomo huhesabiwa kwa kuzidisha umri mara 10, katika kipimo cha nanogramu kwa mililita. Mzee wa miaka 72 kikomo chake ni 720 badala ya 500. Hakikisha maabara yenu inatumia kipimo hicho kabla ya kulinganisha. Na kama shaka ni kubwa, usiipime kabisa. Nenda kwenye picha.

Alama za Wells zinafaa kwa mgonjwa wa kiharusi?

Hizi ni alama za kukadiria uwezekano wa PE, na zinafaa kama utajua udhaifu wake. Dalili za donge mguuni alama 3. PE kuwa ndiyo maelezo yanayokaa vizuri kuliko ugonjwa mwingine alama 3. Mapigo zaidi ya 100, alama 1.5. Kulala kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji ndani ya wiki 4, alama 1.5. Kuwahi kuugua donge kabla, 1.5. Kukohoa damu 1, saratani 1. Zikizidi 4, PE inawezekana sana na unakwenda moja kwa moja kwenye CT.

Tatizo ni kwamba kila aliyepooza akalazwa siku ya tatu amepata 1.5 bila kufanya lolote, na akipata homa ya nimonia mapigo yanampa 1.5 nyingine. Tena kipengele cha alama 3 kinategemea fikra zako: daktari asiyeifikiria PE atakiacha sifuri, na jumla itamwambia hakuna PE. Binafsi, mguu uliovimba na oksijeni isiyoelezeka vinanisukuma kuliko jumla yoyote.

ECG na eksirei ya kifua?

Zifanye, ni rahisi, ila usizitegemee. Eksirei mara nyingi ni ya kawaida au karibu na kawaida, na hilo lenyewe ni fununu kwa mtu anayetweta. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mara nyingi huonyesha moyo unaokwenda mbio tu. Ile alama ya PE kwenye ECG, S1Q3T3, tuliyokaririshwa chuoni wagonjwa wengi hawana. Kumbuka pia kwamba kiharusi kinaweza kubadili ECG na kupandisha troponini (kipimo cha damu cha kuumia kwa moyo) bila moyo wala mapafu kuwa na donge.

Hospitali yetu ya wilaya haina CT. Tumwache tu?

Hasha. Mnayo altrasaundi, hata ile ya kupimia wajawazito. Weka kichwa cha mashine kinenani, tafuta vena iliyolala kando ya ateri, kandamiza. Vena nzima hubonyea mpaka kuta zake zikagusana. Yenye donge haibonyei. Rudia nyuma ya goti. Sehemu hizo mbili, miguu yote miwili, ni kazi ya dakika chache, na muuguzi aliyefundishwa vizuri anaiweza. Mgonjwa mwenye oksijeni ya chini ambaye vena ya paja lake haibonyei, mchukulieni kuwa ana PE. Kumpiga picha ya kifua hakutabadili sana matibabu. Ila vena zikibonyea zote, msifute PE, maana donge linaweza kuwa limeshang'oka lote.

Mkiwa na futi ya fundi cherehani, pimeni shavu la mguu sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho mbele, chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, iandikeni kwa namba. "Mguu umevimba kidogo" haimsaidii anayempokea mgonjwa upande wa pili.

Kama kuna anayejua eko, aangalie chumba cha chini cha kulia. Kwa kawaida ni kidogo kuliko cha kushoto. Kikiwa kimetanuka kikalingana nacho au kukizidi, mapafu yamebanwa. Ule mlango wa moyo utatafutwa baadaye hospitali ya rufaa, kwa kuchoma mshipani maji ya chumvi yaliyotikiswa yakawa na viputo, na kuangalia kama viputo vinavuka kwenda kushoto.

Jambo moja naomba sana: msimpe heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) wala aspirini kabla kichwa hakijapigwa picha. Dalili peke yake hazitofautishi kiharusi cha kuziba na kiharusi cha kuvuja damu. Mwekeni oksijeni, mpigieni simu anayempokea, andikeni saa dalili zilipoanza, na mtungi wa oksijeni uangaliwe kama una gesi ya kutosha kufika.

Ilikuwa siku ya nane, anaendelea vizuri, ghafla anatweta. Si nimonia ya kupaliwa?

Inawezekana kabisa, na nimonia ndiyo ya mara nyingi zaidi, kwa kuwa aliyepata kiharusi hupaliwa na uji na hata mate yake. Lakini nimonia hujenga kwa saa na siku: homa, makohozi machafu, mkoromo upande mmoja. PE huja kwa dakika, mara nyingi mgonjwa alipoketishwa kwa mara ya kwanza au alipopelekwa msalani. Donge la mguuni linaweza kuanza ndani ya wiki ya kwanza, hasa upande uliopooza, na PE ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo katika wiki ya pili mpaka ya nne.

Kama mmeanza antibayotiki na baada ya siku mbili oksijeni haijapanda ilhali homa imeshuka, rudini kwenye miguu. Huku kwetu kuna mtego mwingine: mgonjwa anakohoa damu na kupungua uzito, jalada linaandikwa kifua kikuu, na hakuna anayerudi kufikiria mara ya pili. Mtu anaweza kuwa na TB na PE pamoja. TB yenyewe huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni?

Anza na altrasaundi ya miguu, haina mionzi. Ikionyesha donge, tibu. Isipoonyesha na shaka ikabaki, CT ya kifua ifanyike. Kumwacha mama na PE isiyojulikana ni hatari kubwa kuliko mionzi ile. Na akiwa na kichwa kinachouma sana, degedege au kuona maruweruwe, fikirieni pia damu iliyoganda kwenye vena za ubongo wenyewe. Hiyo huonekana kwa picha ya vena, na CT ya kawaida inaweza kuikosa.

Yote mawili yamethibitishwa. Mnatibu lipi?

Hapa hakuna daktari mmoja anayetosha. Tunakaa wa ubongo, wa moyo na wa dharura. Ugumu ni kwamba dawa inayookoa mapafu inaweza kuvujisha damu ubongoni. Hata dozi ya kuyeyusha donge si moja: alteplase kwa kiharusi ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90, ndani ya saa 1, na kwa PE kubwa ni miligramu 100 ndani ya saa 2. Eneo la ubongo lililokufa likiwa dogo, dawa za kuzuia damu kuganda huanza mapema. Likiwa kubwa, au damu imevuja, wakati mwingine huwekwa chujio kwenye vena kuu ya tumbo kuzuia madonge mengine yasipande, hadi dawa ziwe salama.

Soksi za kubana zinazuia?

Kwa wagonjwa wa kiharusi, hapana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha soksi ndefu za kubana hazikupunguza madonge na ziliwachubua wagonjwa ngozi. Kilichosaidia ni vifuko vya plastiki vinavyovalishwa miguuni, vikijazwa hewa na kuachia kwa zamu: katika utafiti wa CLOTS 3 nchini Uingereza, wagonjwa 2,876, matokeo yakatolewa 2013, madonge yalikuwa asilimia 8.5 kwa waliovalishwa na 12.1 kwa wasiovalishwa. Hospitali nyingi kwetu hazina mashine hizo. Basi maji ya kutosha, kumketisha mapema pale daktari anaporuhusu, na dawa ya kuzuia damu kuganda kwa anayestahili.

Tumekuwa tukimchua mguu uliopooza kwa mafuta kila jioni. Tuendelee?

Najua kuchua ni mapenzi, na mara nyingi ndicho kitu pekee ambacho familia inahisi inaweza kumfanyia mzee wao. Kunyoosha na kukunja viungo taratibu kama mtaalamu wa fiziotherapia alivyoelekeza, endeleeni. Ila kila jioni kabla ya kugusa mafuta, wekeni miguu miwili sambamba mwanga ukiwepo, mlinganishe unene, mguse kwa mgongo wa mkono kama mmoja una joto kuliko mwingine, mbonyeze shavu la mguu mkimtazama usoni. Mguu ukiwa umejaa, una joto au unauma, msiuchue hata kidogo, maana mkono wako unaweza kuling'oa donge. Mpelekeni hospitali usiku huohuo akiwa amelala, na mkifika getini mseme mambo mawili kwa mpigo: "alipata kiharusi" na "mguu umevimba."